Utamu wa Harusi na Magofu ya Soulou



Tulikwenda Mayotte, kisiwa ambacho wenyewe wanakiita Maore, kwa ajili ya harusi. Baada ya manzaraka, ile sherehe ya kumsindikiza bwana harusi kwa bibi harusi, wenyeji wetu walitupeleka Soulou, pwani ya magharibi. Wengi huenda huko kutazama maji yanayoporomokea ufukweni. Sisi tulitazama pia magofu ya kiwanda cha sukari: dohani la matofali, mitambo iliyoliwa na kutu, na miti iliyojiotea humo.

Ufaransa ilikipata kisiwa hiki mwaka 1841, kwa mkataba na mtawala wake Andriantsoly. Walowezi wakapewa ardhi, wakapanda miwa. Na muwa ukishakatwa hausubiri: lazima usagwe upesi kabla maji yake hayajachacha, kisha yachemshwe mpaka yawe sukari. Kwa hiyo msimu wa mavuno ulikuwa wa moto na jasho, na ulitaka mikono mingi.

Mikono ya nani? Amri ya kufuta utumwa ilitolewa tarehe 9 Desemba 1846, lakini waliokombolewa walitakiwa kufanya kazi kwa mkataba wa miaka 5. Mashamba yakaongezewa vibarua kutoka visiwa jirani vya Komoro na pwani ya Msumbiji, na wengi wao hawakuichagua safari hiyo. Mwaka 1856 wafanyakazi waliasi. Bakari Kusu, mmoja wa viongozi wao, aliuawa.

Hapo tulinyamaza. Bibi harusi wetu alikuwa ametoka kuulizwa ridhaa yake kabla ya nikaha kufungwa. Waliofanya kazi Soulou nao walikuwa na mkataba, lakini ridhaa ilikuwa wapi? Dini yetu imetufundisha kwamba makubaliano husimama juu ya kuridhiana, na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametuhimiza tumlipe mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka.

Vimbunga vya mwaka 1898 viliyavunja mashamba ya miwa, na kisiwa kikageukia vanila na langilangi. Ndiyo langilangi hiyo hiyo tunayoitia kwenye kikuba.

Basi dada, unapopanga harusi yako, pamoja na sare na halua, waweke kwenye hesabu wapishi, waosha vyombo, mpaka hina na binti wa kazi aliyekesha jikoni. Patana nao mapema, kwa ridhaa yao, na uwalipe siku hiyo hiyo, usiwaambie wasubiri mpaka fungate iishe. Na ukitia sukari kwenye chai, waombee rehema waliotangulia, waliotoa utamu huo kwa jasho lao bila kuuonja.

Mola azijaalie nyumba zenu baraka. Amin.