Chuma kilichopakwa au zege: Namna ya kuchagua tangi la kiwandani

KIWANDA kinapohitaji tangi kubwa la kuhifadhia maji, mafuta, molasi au majitaka, wahandisi hulazimika kuchagua kati ya chuma kilichopakwa kinga dhidi ya kutu na zege lenye nondo. Kila kimoja kina ubora wake na adui wake.

Uamuzi huo si wa bei peke yake. Januari 15, 1919, mjini Boston, Marekani, tangi la chuma lililojaa molasi lilipasuka na kumwaga lita zipatazo milioni 8.7 mitaani. Watu 21 walikufa na wengine wapatao 150 walijeruhiwa.

Ilibainika kwamba mabamba yake yalikuwa membamba kuliko mzigo ulivyohitaji. Aidha, kabla ya kuanza kutumika halikujaribiwa kwa kujazwa maji hadi juu, bali lilitiwa maji ya kina cha sentimeta 15 hivi tu.

Kazi ya ukuta

Kioevu husukuma ukuta wa tangi kuelekea nje, na nguvu hiyo huongezeka kadiri kina kinavyoongezeka. Katika tangi la duara lenye kipenyo cha meta 10 na maji ya kina cha meta 6, mkanda wa ukuta wenye kimo cha meta moja karibu na sakafu huvutwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa tani 30. Kwa molasi, ambayo uzito wake ni takriban mara 1.4 ya ule wa maji, mzigo huo hukaribia tani 40.

Chuma huhimili sana kuvutwa, hivyo bamba la milimita 5 au 6 hutosha kwa tangi la ukubwa huo. Zege lina nguvu nyingi linapokandamizwa, lakini uwezo wake wa kuhimili mvuto ni kama sehemu moja ya kumi tu ya nguvu hiyo. Kwa sababu hiyo huwekewa nondo, na ukuta wake huwa na unene wa sentimeta 20 hadi 30 au zaidi.

Ujuzi huo ulianza na vyombo vidogo. Mwaka 1867, mtunza bustani Mfaransa, Joseph Monier, alipata hataza ya vyombo vya kupandia mimea vya saruji iliyotiwa chuma ndani. Mwaka 1928, mhandisi Eugène Freyssinet, naye wa Ufaransa, alipata hataza ya kukaza nyaya za chuma ili zege libaki limebanwa hata linapobeba mzigo. Njia hiyo hutumika leo katika matangi makubwa ya zege.

Chuma na vazi lake

Adui wa chuma ni kutu. Hukingwa kwa zinki, kwa rangi ya epoksi, au kwa enameli, yaani kioo kilichoyeyushwa juu ya bamba katika tanuri lenye joto linalozidi nyuzi 800 za Selsiasi. Mabamba ya enameli hufungwa kwa boliti mahali pa ujenzi.

Enameli ni imara dhidi ya kemikali nyingi, lakini bamba lake halichomelewi wala kutobolewa baada ya kutoka tanurini, kwa kuwa kioo hupasuka. Epoksi hurekebishwa hapo hapo, ili mradi chuma kisafishwe na kukaushwa vizuri kwanza, na hulazimu kupakwa upya baada ya miaka kadhaa.

Hatari kubwa ni tundu dogo lisiloonekana, hasa sakafuni. Januari 9, 2014, huko Charleston, West Virginia, Marekani, tangi la zamani la kemikali lililoliwa na kutu chini lilivuja hadi Mto Elk. Wakazi wapatao 300,000 walizuiwa kutumia maji ya bomba.

Zege na nyufa zake

Ndani ya zege nondo hulindwa na ukali wa alkali wa saruji. Kinga hiyo hupungua hewa ya kaboni dayoksaidi inapopenya, au chumvi inapoifikia nondo. Katika miji ya pwani kama Tanga, Dar es Salaam na Mombasa, upepo wa bahari huleta chumvi hiyo. Kutu huvimba kuliko chuma kilichoizaa, na mwishowe hupasua zege kutoka ndani.

Ufa mwembamba usiozidi milimita 0.2 huweza kujiziba wenyewe katika tangi la maji. Kwa majitaka hatari iko juu ya usawa wa maji, ambako gesi yenye harufu ya mayai viza hugeuzwa na bakteria kuwa asidi inayokula saruji.

Kinachohifadhiwa ndicho mwamuzi

Kwa petroli na dizeli, chuma ndicho hutumika zaidi. Kwa maji chini ya ardhi, zege hufaa, kwani uzito wake huzuia tangi tupu lisielee maji ya ardhini yanapopanda.

Mara nyingine vyote viwili hutumika pamoja. Matangi mengi ya gesi asilia iliyosindikwa kuwa kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 162 chini ya sifuri, huwa na chuma chenye asilimia 9 ya nikeli ndani na zege nje. Hata maghala ya mafuta huzungushiwa ukuta wa kuzuia mmwagiko. Katika ajali ya Buncefield, Uingereza, Desemba 11, 2005, baadhi ya kuta hizo za zege zilivuja kwenye maungio, na uchafu ukafika ardhini.

Gharama na msingi

Nchini Tanzania saruji huzalishwa Dar es Salaam, Tanga, Mbeya na Mtwara, ilhali mabamba mazito ya chuma huagizwa kutoka nje. Hata hivyo, zege huhitaji mbao za kufungia, ufungaji wa nondo na kumwagiliwa, na nguvu yake hupimwa baada ya siku 28. Tangi la boliti husimamishwa haraka zaidi na huweza kufunguliwa na kuhamishwa, jambo lisilowezekana kwa zege.

Lolote likichaguliwa, ardhi lazima ipimwe kwanza. Mei 29, 2020, mjini Norilsk, Urusi, msingi wa tangi ulititia na tani zipatazo 21,000 za dizeli zikamwagika.

Hali kadhalika, tangi jipya lijazwe maji hadi juu na kukaguliwa kabla halijapokea bidhaa, na baada ya hapo likaguliwe ndani na nje kwa ratiba maalumu, likianzia sakafuni.