Mazimwi ya mchezo wetu na soko la Ntoto

Bandugu wahitimu, mwaka jana hapa Goma tulianza mchezo wa mezani, watu watano, kila siku ya posho jioni. Wengine wenu mnaujua. Mmoja ni msimulizi, anasimulia dunia ya uongo, na wengine kila mtu anachukua mhusika wake: mwindaji, mganga, mwizi wa mjini. Dadu ya pande 20 njo inaamua kama mkuki umepata shabaha au umepiga hewa. Mchezo huo ulitoka Marekani mwaka 1974, waanzilishi wake Gary Gygax na Dave Arneson, jina lake Dungeons & Dragons. Sisi vitabu vya kununua hatukuwa navyo. Tulikuwa na faili kwenye simu, dadu za kuchonga wenyewe, chai, na kipande cha jibini ya Masisi kila mtu akichangia. Msimulizi nilikuwa miye.

Sasa, mchezo kama huo bila adui unalala. Mwanzoni mazimwi yangu yalikuwa ya bure tu: yanatokea njiani, yanakufa, wachezaji wanahesabu pointi, na wiki ijayo hakuna anayeyakumbuka. Nikatafuta mawaidha. Nikakuta makala fupi ya Roger Moore katika gazeti la Dragon, mwaka 1987, juu ya koboldi, zimwi dhaifu kuliko yote katika mchezo ule. Msimulizi mmoja aliyeitwa Tucker aliwapa koboldi wake akili tu: wanajua njia zao za chini, wanawasha moto mahali pembamba, wanapiga na kukimbia. Mashujaa wakubwa wakawaogopa kuliko mashetani. Hapo nikaelewa. Adui anayekumbukwa si yule mwenye nguvu nyingi. Ni yule mwenye fasi yake anayoijua, mwenye tabia na njaa yake.

Basi nikaunda kabila la mazimwi: Wenye-Mikia. Wanakaa juu ya milima ya baridi, kwenye mianzi. Wanavingirisha mawe. Kabla ya kushambulia wanaacha vijiti vitatu njiani, vimelazwa, na ukiviona umeshachelewa. Wanaiba chumvi, si dhahabu. Wachezaji wakawapenda, maana yake wakawaogopa kweli kweli. Mmoja alikuwa akiona vijiti vyovyote barabarani anacheka peke yake. Nilijiona fundi.

Usiku wa nane nikasimulia hivi: Wenye-Mikia wameshuka mlimani, wanaelekea kijiji cha bondeni, ni siku ya soko, watu wamejaa. Nikawauliza wachezaji, mnafanya nini?

Rafiki mmoja wa Walikale akaweka dadu chini. Akaniuliza, "Hiyo soko iko siku gani?"

"Siku ya posho, kama leo," nikamjibu.

Akanyamaza. Halafu akasema tu, "Ntoto pia ilikuwa siku ya posho." Akavaa koti, akaenda. Hakusema familia yake ilikuwa upande gani, na miye sikumuuliza mpaka leo.

Nimesoma historia miaka mitano iniversite, bandugu. Tarehe 20 Machi 1993 naijua. Kalenda inasema ilikuwa Jumamosi. Lakini usiku ule nilikuwa nimeiandika bila kujua ninaandika nini. Nikarudi nyumbani kufungua kahawa zangu za zamani na vile vile ile faili ya mchezo.

Katika faili kuko hadithi moja mashuhuri ya Gygax, The Keep on the Borderlands, ya mwisho wa miaka ya 70. Inakupa ramani: ngome ya watu upande huu, bonde lenye mapango upande ule. Pango moja la koboldi, jingine la orki, jingine la goblini. Kila kabila na shimo lake. Kila kabila linachukia jirani, na mwandishi anashauri wachezaji wenye akili wayagombanishe. Gygax aliandika hata idadi ya wake na watoto waliomo mapangoni, na wachezaji wamebishana miaka na miaka wafanye nini nao.

Nikaangalia ile ramani muda mrefu. Niliwahi kuona nyingine kama hiyo, darasani. Wabelgiji nao walipenda kila kabila na pango lake. Dekreti ya Desemba 1933 ilipanga tawala za wenyeji, sheferi na sekta, na majina yake tunayabeba mpaka leo kwenye karatasi: Walikale, sekta ya Wanianga na sekta ya Bakano, Masisi, sheferi ya Bahunde na ya Bashali, sekta ya Osso na ya Katoyi. Sisemi kwamba Wahunde au Wanyanga walibuniwa na mzungu. Hizo ni hadithi za watu wasiowahi kukaa na bazee. Ila kabla ya karatasi, mtu aliweza kuwa mkwe wa huku, mteja wa mwami wa kule, na mwindaji katika msitu wa watu wengine, yote pamoja. Karatasi ilitaka pango moja.

Halafu ikaja ile Mission d'immigration des Banyarwanda, kutoka 1937 mpaka 1955. Makumi ya maelfu ya watu waliletwa kutoka Rwanda, wengi wao Masisi. Mashamba makubwa ya wazungu yalihitaji mikono, na Rwanda ilikuwa na watu wengi na njaa. Gishari ilikatwa ndani ya ardhi ya Wahunde ikapewa mwami Mnyarwanda, kisha 1957 ikafutwa. Hebu fikirini hilo dakika moja: unaleta watu, unawapa pango, halafu unawanyang'anya pango na kuwaacha bondeni, na wale uliowachukulia ardhi nao hujawarudishia kitu. Halafu miaka mitatu baadaye unapanda ndege kurudi Brussels.

Yaliyofuata mengi mnayajua. Vita ya Kanyarwanda, 1963 mpaka 1965. Sheria ya 1972 iliyowapa uraia wale waliotoka Ruanda-Urundi na kukaa Kivu kabla ya 1950, na sheria ya 1981 iliyowanyang'anya. Ile ya 1981 njo mimi naiona mbaya kuliko zote, maana ilimfanya mtu aliyelala raia aamke bila nchi, na haikumpa Mhunde hata hatua moja ya shamba. Kisha 1991 serikali ikaanza kuhesabu nani ni mwenyeji na nani si mwenyeji, na ghasia zikaanza Masisi. Mbele ya meza ya karani kila mtu alitakiwa kuonyesha pango lake.

Mnamo Machi 1993, katika soko la Ntoto, Walikale, vikundi vyenye silaha vya Wanyanga na Wahunde vilishambulia Wanyarwanda, wengi wao Wahutu. Watu waliokuja kuuza na kununua. Moto ukafika Masisi haraka, na huko vikundi vya Kihutu navyo vikachoma vijiji vya Wahunde. Ndani ya miezi michache maelfu walikufa, na zaidi ya watu 200,000 walikimbia makwao. Ripoti kubwa ya Umoja wa Mataifa juu ya uhalifu Kongo, iliyotoka 2010, inaanza hesabu yake mwezi ule ule. Na kumbukeni mwisho wa 1993 na mwanzo wa 1994 watu walikaa, wakazungumza, pakatulia kidogo, kabla ya Julai 1994 na wakimbizi wa Rwanda kubadilisha kila kitu. Pakatulia! Hilo vitabu vingi vinalipita mbio.

Lakini si tarehe zilizonikosesha usingizi. Ni mkia.

Nilidhani nimeubuni. Nikajiuliza, kwa nini mkia, kwa nini si pembe? Ikanijia: jikoni kwetu, nikiwa mdogo, mama mmoja jirani akipepeta maharagwe, alisema juu ya watu wa kilima cha pili kwamba wakivua nguo utaona mkia. Watu wakacheka. Nami nikacheka. Miaka kadhaa baadaye nilisoma na kijana wa kilima hicho cha pili, akaniambia kwao walisema hivyo hivyo juu yetu. Nilikuwa nimechukua tusi la utotoni, nikalivisha ngozi na kulipa mawe ya kuvingirisha, nikaliita ufundi.

Wazee wa Kiswahili wanasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Na neno lenyewe, zimwi, wataalamu wa lugha zetu wanaliweka ukoo mmoja na mzimu na kuzimu. Wanyanga wa Walikale wanalo kwa sura yao: Kirimu. Huyo yumo katika utendi wa Mwindo, alioutamba Candi Rureke mwaka 1956, na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, mwanaisimu Mnyanga, wakauchapisha 1969. Aibu yangu nyingine: niliusoma Gygax kabla ya kumsoma Mwindo, na Mwindo ni wa nyumbani.

Kirimu ni dubwana la msituni lenye vichwa saba, linameza wawindaji. Mwindo analiua, watu wanatoka tumboni wazima. Katika mchezo wangu hapo tungehesabu pointi na kugawana chumvi. Lakini Kirimu ana rafiki, Nkuba, radi mwenyewe. Nkuba anasikia harufu ya rafiki yake aliyekufa, anashuka, anambeba shujaa mpaka mbinguni, na huko Mwindo anateswa mwaka mzima kwa mvua, baridi na jua, mpaka anakatazwa kuua wanyama tena. Anarudi na sheria za kukaa na watu. Tena adui wake wa kwanza hakuwa zimwi hata kidogo. Alikuwa Shemwindo, baba yake, aliyetaka kumzika angali mtoto mchanga.

Wenye kampuni ya Dungeons & Dragons walikuja kutamka mwaka 2020 kwamba orki nao ni watu wa tabia mchanganyiko kama wengine. Vizuri. Rureke alikuwa ameshafika mbali zaidi, miaka 64 kabla, katika kijiji cha msituni.

Rafiki alirudi baada ya wiki tatu. Sikufuta Wenye-Mikia, yeye mwenyewe alikataa nisiwafute, akasema ukiwafuta utaleta wengine walewale wenye jina jipya. Nilifuta mkia. Nikawapa mwanamke mzee anayeongoza, ugomvi wao wenyewe juu ya nani ashuke na nani abaki, na sababu ya chumvi: kisima chao kilizungushiwa ua na mtu wa mjini, ambaye wachezaji wangu walikuwa wamekula mezani kwake usiku wa kwanza, wakamsifu. Bado wanavingirisha mawe. Bado wanatisha, labda zaidi.

Siku ya posho iliyopita tulifika juu kwenye mianzi. Vijiti vitatu njiani. Mama mzee akatoka, mikono mitupu, akauliza chumvi imeenda wapi. Rafiki yangu akachukua dadu, akaishika kidogo, akairudisha mezani bila kuitupa. "Mwindaji wangu anaongea kwanza," akasema. Mganga, upande wa pili wa meza, alikuwa ameshachomoa kisu. Ndipo umeme ukakatika, na wote wakaanza kunipigia kelele gizani kana kwamba ni miye niliyeukata.