Vipodozi vya Gitaa: Historia ya Sura ya Pikapu

Kwetu ukisema pikapu, mtu anafikiria gari la kubebea nyanya au mchanga. Wapiga gitaa la umeme wana pikapu yao nyingine: kidude kilichokaa chini ya nyuzi, sumaku na waya mwembamba kuliko unywele uliozungushwa maelfu ya mara, kinachogeuza mtikisiko wa uzi wa chuma kuwa umeme wa kupeleka kwenye amplifaya. Kazi yake ni ya masikio. Lakini ukifuatilia historia yake, toka Los Angeles ya miaka ya 1930 hadi meza za mafundi wa leo, utaona macho yametawala zaidi ya tunavyokubali.

Mwanzoni hakuna kilichofichwa. George Beauchamp na Adolph Rickenbacker walitengeneza gitaa la kulazwa mapajani ambalo umbo lake lililifanya liitwe Kikaango. Sumaku zake mbili, zilizopindwa kama kiatu cha farasi, zilipita juu ya nyuzi mithili ya daraja, na aliyekaa mbele ya jukwaa aliuona mtambo wote. Hataza yake ilitolewa mwaka 1937. Kufikia hapo kampuni ya Gibson ya Kalamazoo, Michigan, ilikwisha kushika njia nyingine. ES-150 yao ya mwaka 1936, gitaa la mpiga jazz Charlie Christian, ilificha sumaku mbili ndefu na nzito tumboni. Juu palionekana kipande tu cha plastiki nyeusi chenye pembe sita na kingo nyeupe, nadhifu kama kifungo cha koti la harusi. Pikapu hiyo inaitwa kwa jina la Christian hadi leo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili majina ya vifuniko yalitoka bafuni na uani. P-90 ya Gibson, ya mwaka 1946, ilikuja kwa sura mbili: yenye vishikio pembeni ikaitwa masikio ya mbwa, na ile isiyo navyo ikaitwa kipande cha sabuni. Kule New Jersey, Nathan Daniel wa Danelectro alihitaji kava la chuma la bei rahisi. Akanunua vikopo vya rangi ya mdomo, vilevile ambavyo kina mama hubeba kwenye mikoba, akashindilia sumaku na waya ndani. Zile pikapu za mrija unaong'aa zina sauti laini na nyepesi, na ndizo pekee ambazo naweza kusema bila utani kwamba zimevaa vipodozi.

Leo Fender, fundi redio wa California, alikuwa na tabia tofauti. Alichotaka ni kitu kinachoundika haraka na kutengenezeka haraka. Bobini, yaani kigurudumu cha kuzungushia waya, ya gitaa lake la Telecaster ni vipande viwili vya faiba, yaani karatasi iliyoshindiliwa hadi ikawa ngumu kama ubao, vilivyoshikanishwa na sumaku sita zenyewe. Waya unazungushwa moja kwa moja juu ya sumaku hizo, kisha unavishwa kamba ili usichubuke. Hakuna pambo hapo. Pambo lilikuwa kifuniko kikubwa cha kromu kilichochomekwa juu ya daraja la nyuzi, na wapigaji walikikuta kinawazuia mkono. Wakakichomoa, wakakigeuza kifudifudi, wakazimia sigara ndani yake. Jina la kibweta cha majivu halijakitoka tangu hapo.

Stratocaster ya Fender ya mwaka 1954 ilipewa vifuniko vya plastiki nyeupe, na plastiki ya kwanza ilikuwa mbovu: ilipasuka, na kingo zake zililika kwa kusuguliwa hadi zikawa mviringo. Kiwanda kikabadili plastiki ndani ya miaka michache. Leo zipo karakana zinazouza vifuniko vipya vilivyosuguliwa makusudi hadi kufikia mviringo ule ule. Hali kadhalika rangi. Bamba la mbele la seluloidi lililotumika mwanzoni mwa miaka ya 1960 lilikuwa jeupe, likageuka kijani hafifu kwa uzee. Kijani hicho sasa kina jina lake kwenye orodha ya bei, na mtu anakinunua kipya dukani.

Chini ya pikapu za kiwanda cha Fender, kule Fullerton, kulikuwa na alama nyingine, ya mkono wa mtu. Abigail Ybarra aliingia kiwandani mwaka 1956 na kuwa mmoja wa wanawake waliouongoza waya kwa vidole huku mashine ikizunguka. Herufi za majina ya wazungushaji ziliandikwa kwenye faiba, mahali ambapo mnunuzi hakutarajiwa kupaona kamwe. Miongo kadhaa baadaye watu walikuwa wakifungua magitaa yao ili kuzitafuta.

Simulizi nzito zaidi ni ya Seth Lover. Gibson walimtaka aue ule mngurumo ambao pikapu ya koili moja hudaka kutoka kwenye taa na transfoma. Akaweka koili mbili zenye mwelekeo unaopingana, mngurumo ukajifuta wenyewe, akaomba hataza mwezi Juni 1955. Pikapu hiyo, iitwayo hambaka, ilihitaji kava la chuma lisilovutwa na sumaku na linaloshika lehemu. Chuma kisichoshika kutu kilimkatalia lehemu, akaishia kwenye aloi ya shaba, nikeli na zinki ambayo wahunzi huiita fedha ya Kijerumani ingawa haina fedha hata chembe. Zile skrubu sita zinazochungulia juu yake hazikuwa wazo lake. Watu wa mauzo walitaka kitu cha kumwonyesha mteja, wakapewa.

Ndani ya kava kulikuwa na bobini mbili za plastiki nyeusi. Karibu na mwaka 1959 msambazaji aliishiwa na plastiki nyeusi, akatuma ya rangi ya krimu. Kiwandani hakuna aliyejali, kwani nani angeziona? Pikapu nyingine zikatoka na bobini moja nyeusi na moja ya krimu, ambazo Wamarekani huziita pundamilia (Kalamazoo hawana pundamilia, lakini jina limefaa), na nyingine zikatoka krimu pande zote mbili. Zote zilivishwa makava, zikabandikwa chini stika ndogo yenye maandishi kwamba hataza imeombwa, zikapelekwa.

Katikati ya miaka ya 1960 wapiga blues wa London, Eric Clapton miongoni mwao, walianza kuyavua makava. Waliamini sauti inafunguka, na kweli kuna tofauti, ndogo. Ila kilichoonekana kwenye picha za majalada kilikuwa kikubwa: safu mbili za krimu ziking'aa chini ya nyuzi. Ajali ya stoo ikawa mtindo. Mapema miaka ya 1970 Larry DiMarzio wa New York akatoa Super Distortion yenye bobini mbili za krimu bila kava, na baadaye kampuni yake ikaisajili sura hiyo kuwa alama yake ya biashara nchini Marekani. Mtengenezaji mwingine akitaka kuuza huko hambaka iliyo wazi ya krimu pande zote, haruhusiwi. Naona kichekesho hapo, rangi iliyozaliwa kwa uhaba wa plastiki kulindwa na wanasheria, ingawa sina hakika kwamba DiMarzio alikosea. Ndiye aliyeona thamani ya kitu ambacho wenyewe walikuwa wamekifunika.

Tangu wakati huo pikapu imekuwa kitu ambacho fundi mmoja anaweza kukiunda mezani kwa vipuri vya kununua, na hapo ndipo ubora wa sura unapomsumbua mtu. Faiba iliyokatwa kwa leza ina kingo zilizoungua, na fundi makini atakaa jioni nzima akizipiga msasa. Iliyokatwa kwa kikatio cha kiwandani huwa safi, au ina manyoya pembeni kama kikatio kimechoka. Bobini za zamani za Gibson zina takriban milimita 49.2 toka skrubu ya kwanza hadi ya sita, na viwanda vingi vya Asia hutoboa kwa 50. Ukichanganya kava la huku na bobini ya kule, skrubu za mwisho hukaa upande ndani ya matundu yake. Upungufu huo wa chini ya milimita moja hausikiki, lakini jicho halitaacha kuuona.

Kuna mahali pengine sura na sauti haziachani. Kava la shaba ya manjano lililochovywa kromu nene linang'aa kama kioo na ni rahisi, ila mikondo midogo ya umeme huzunguka ndani ya bati lenyewe na kuzila sauti za juu. Fedha ya Kijerumani yenye nikeli nyembamba haizili hivyo, na baada ya muda jasho huifubaza ikawa kijivu chenye mawingu. Anayeishi pwani hahitaji kuelezwa chumvi inafanya nini. Mafundi wengine hawasubiri, huzifubaza kwa kemikali kabla hazijauzwa. Na sumaku zenye vishimo na mikwaruzo ya mchanga wa kalibu, ambazo miaka ya 1950 zilikuwa hivyo kwa sababu kuzing'arisha kuligharimu, leo zinaulizwa kuliko zilizo laini.

Stika nayo ina habari yake. Hataza ya Lover ilipotoka mwaka 1959 ilikuwa na namba 2,896,491. Gibson walipobadili stika miaka michache baadaye, walichapa 2,737,842, ambayo ni namba ya kishikio cha nyuzi alichobuni mpiga gitaa Les Paul. Mshindani aliyeagiza nakala ya hataza kwa namba hiyo angepokea maelezo ya kipande cha chuma cha mkiani. Stika hizo za namba isiyo yake zinachapwa upya siku hizi kwa ajili ya waunda pikapu, herufi za dhahabu juu ya nyeusi, na mafundi huzibandika kwa uangalifu chini ya pikapu mpya, zikae sambamba na ukingo wa bati.