Walaji wa Shaba: Namna Wankambo Wetu wa Katanga Walivyoongoza Kazi na Biashara

Wanafunzi wetu wanaosoma gestion, ni kusema usimamizi wa kazi na wa mali, wanaanza karibu sikuzote na mwaka 1906, mwaka Union Minière ilipoanzishwa. Mwalimu anaandika ubaoni: kutayarisha, kugawa kazi, kuongoza, kuhakikisha. Na mtoto anarudi nyumbani akisema: «Ile yote ni mambo ya bazungu.» Sisi hatukubali. Tunataka kuonyesha hapa kwamba kazi ya shaba ilikuwa na mpango wake mbele kabisa ya kampuni.

Tuanze na makaburi ya Sanga, kwenye ziwa Kisale. Wachimbuzi wa mambo ya kale walifanya kazi pale mwaka 1957 na 1958, kisha tena katika miaka ya 1970. Walikuta wafu wamezikwa pamoja na vyungu, vyuma na vitu vya shaba. Lakini kule Kisale hakuna mgodi wa shaba! Shaba ilitoka kusini, safari ya siku nyingi kwa miguu. Basi kulikuwa mtu wa kuchimba, mwingine wa kubeba, na mwingine wa kununua, hata kama hawakujuana.

Kazi yenyewe ilifanywa wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha kuingia ghalani. Hakuna aliyeacha shamba lake mwezi wa mvua ili kutafuta shaba, kwani mvua inajaza mashimo na kuzima tanuru, tena njaa haingoji. Ile ndiyo kutayarisha. Vilima vyenye shaba walivijua kwa macho: miti mikubwa haioti pale, na kuna majani yenye maua ambayo yanapenda udongo wa shaba. Wanaume walichimba jiwe la kijani. Wanawake na watoto walichagua mawe na kuyaosha mtoni. Wengine walikata miti na kuchoma makala, na makala ilitakiwa nyingi sana, pengine kuliko jasho la kuchimba. Tanuru ilijengwa kwa udongo wa kichuguu, sababu unavumilia moto. Wavuta mivukuto walipokezana.

Juu yao wote alikuwako fundi mkubwa. Yeye alijua dawa na miiko, lakini alijua pia rangi ya moto na saa ya kuacha kupuliza. Watu wengine wanacheka ile miiko. Sisi tunaona kwamba mwiko ulifanya kazi ya kanuni: uliweka watu pamoja mahali pa kazi, na ulilinda siri ya ufundi isitoke ovyo. Shaba ikiisha kutoka, iliyeyushwa tena ili kuisafisha, kisha ikamiminwa ndani ya kalibu. Mkubwa wa udongo alipata fungu lake, na fundi yake. Kula shaba, kwa maneno ya wakati ule, ilikuwa kufanya kazi hii na kupata faida yake. Ndiyo sababu Monsinyori de Hemptinne, katika maandiko yake ya 1926, aliwaita walaji wa shaba.

Jambo linalotugusa zaidi ni ule msalaba mdogo wa shaba, handa. Katika makaburi ya Sanga, misalaba ya kwanza ni mikubwa na michache. Kadiri miaka inavyopita inakuwa midogo, mingi, na inalingana kipimo. Kwa nini ulinganishe kipimo, kama si kwa kuhesabu? Muuzaji na mnunuzi hawakuhitaji tena kubishana juu ya kila kipande. Makuta ilikuwa imezaliwa. Tena misalaba kama hii imeonekana mbali hata Ingombe Ilede, bondeni mwa Zambezi.

Tusipake mambo sukari, hata hivyo. Katika karne ya 19 Msiri, aliyetoka Unyamwezi, alisimamisha ufalme wake Bunkeya. Bayeke walileta ufundi wa kuvuta nyaya za shaba, na misafara ilikwenda pwani ya mashariki na pia Angola. Lakini pamoja na shaba na pembe walikwenda watu, waliouzwa kwa bunduki na vitambaa. Biashara iliongozwa vizuri, na watu walilia. Yote mawili ni kweli. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na watu wa msafara wa Stairs, na matanuru yakazimika pole pole.

Wageni waliokuja nyuma hawakugundua kitu porini. Mjiolojia Jules Cornet mwaka 1892, kisha George Grey wa Tanganyika Concessions mwanzoni mwa karne ya 20, walipita wakiandika mashimo ya zamani, na mara nyingi wenyeji ndio waliowaongoza. Kalukuluku, karibu na Lubumbashi, palikuwa tayari pamechimbwa. Kampuni ikapaita Étoile, na mwaka 1911 tanuru yake ya Lubumbashi ilitoa shaba ya kwanza.

Leo vijana wetu wanachimba kwa mikono kandokando ya vilima vilevile, na wamama wanaosha mawe mtoni kama zamani. Ila siku hizi anayepima kilo ni mnunuzi, kwa mizani yake mwenyewe.