Kutoka Lumumba Hadi Mlimani

Chuo kikuu cha kwanza cha Tanganyika kilizaliwa katika nyumba ya kuazima. Tarehe 25 Oktoba 1961, siku 45 kabla ya bendera ya Uhuru kupandishwa, wanafunzi 14 waliingia darasani katika jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam. Kitivo kilikuwa kimoja, cha Sheria. Walimu wa mwanzo walikuwa watatu, wote watu wa kuja: A. B. Weston, mkuu wa kitivo, pamoja na vijana wawili kutoka Uingereza, William Twining na Patrick McAuslan. Mkuu wa chuo, Cranford Pratt, alikuwa Mkanada. Hata shahada haikuwa yetu, kwani chuo kilikuwa tawi la Chuo Kikuu cha London.

Kwa nini sheria, wala si udaktari au uhandisi? Jibu lilikuwa kwa majirani. Makerere ilikuwa tayari inafundisha udaktari na Nairobi uhandisi, lakini Afrika Mashariki nzima haikuwa na mahali pa kusomea shahada ya sheria. Kijana aliyetaka kuwa wakili ilimbidi apande meli kwenda London au India. Dar es Salaam ikaziba pengo hilo, na vyuo hivyo vitatu vilipounganishwa mwaka 1963 kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, mgawanyo huo wa kazi ukawa rasmi. Ndiyo maana wanasheria wengi wa Kenya na Uganda wa kizazi kile walisomea Dar, na baadhi yao wanaendelea kuiita "Mlimani" kana kwamba mlima ni mmoja tu duniani.

Mlima wenyewe ni kilima, tena si kirefu. Wazungu walikiita Observation Hill. Kiko kilomita 13 hivi magharibi ya katikati ya jiji, na chuo kilihamia huko mwaka 1964. Michoro ilitoka kwa kampuni ya Uingereza, Norman and Dawbarn, na sehemu kubwa ya fedha za ujenzi ilitoka nje. Yakapanda mabweni ya ghorofa, kumbi za mihadhara, maktaba, mkahawa wa wanafunzi, na baadaye Ukumbi wa Nkrumah, ambao Watanzania wengi wasiowahi kufika Mlimani wanaujua kwa sura kwa sababu ulichapishwa kwenye noti ya shilingi 500.

Nadhani ugomvi wa miaka iliyofuata ulianzia kwenye ramani hiyo. Chuo kilichokuwa katikati ya mji, ndani ya jengo la chama, sasa kilikuwa juu ya kilima, kimezungukwa na miti, chenye vyumba safi na chakula cha kupikiwa, wakati wakulima wengi waliokilipia kodi hawajawahi kuona swichi ya taa. Rais Nyerere alimfananisha msomi na mtu aliyepewa akiba yote ya chakula ya kijiji chenye njaa ili apate nguvu ya kwenda kuwatafutia wengine riziki. Asiporudi, ni msaliti.

Mfano huo ulipimwa tarehe 22 Oktoba 1966. Serikali ilikuwa imetangaza kuwa wahitimu wote wataingia Jeshi la Kujenga Taifa na kukatwa sehemu kubwa ya mshahara kwa muda. Wanafunzi wakavaa majoho, wakashika mabango, wakaandamana hadi Ikulu. Bango moja lilidai kuwa wakati wa mkoloni kulikuwa na nafuu. Rais aliwasikiliza, kisha akawafukuza karibu 400 warudi makwao, na hapohapo akatangaza kuupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi walirudishwa mwaka uliofuata, lakini chuo walichokirudia kilikuwa kimebadilika.

Azimio la Arusha, lililotangaza siasa ya ujamaa, lilitoka Februari 1967, na mwezi mmoja baadaye ukaitishwa mkutano hapo chuoni kujadili kazi ya chuo katika nchi ya ujamaa. Likazaliwa somo la maendeleo la kila mwanafunzi, awe wa sheria au wa kemia. Wapo walioliona siasa tupu. Mimi naona lilifanya jambo ambalo mtaala wa London usingeweza: lilimlazimisha mtu wa maabara kuulizwa bei ya pamba.

Idara ya Historia haikuhitaji kulazimishwa. Terence Ranger, aliyefukuzwa Rhodesia kwa siasa zake, ndiye aliyekuwa profesa wake wa kwanza, akishirikiana na Isaria Kimambo, Arnold Temu na wengine. Mwaka 1968 waliwatuma wanafunzi kusini kukusanya masimulizi ya wazee juu ya Vita vya Majimaji, vilivyopiganwa 1905 hadi 1907. Fikiria hilo: kijana wa mwaka wa pili, daftari mkononi, amekaa mkekani mbele ya mzee aliyeyaona maji ya dawa ya mganga Kinjikitile yakigawiwa. Mwaka uliofuata Ebrahim Hussein, aliyelelewa na idara changa ya Sanaa za Maonyesho, alikuwa tayari na tamthilia ya *Kinjeketile*. Walter Rodney, kutoka Guyana, alifundisha idara hiyohiyo ya historia, na kitabu chake juu ya jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika, kilichotoka 1972, kilitokana na mihadhara na mabishano ya Mlimani.

Mabishano hayakuishia kwa walimu. Kikundi cha wanafunzi wa mrengo wa kushoto, akiwemo Yoweri Museveni aliyekiongoza, kilivuma, na jarida lao *Cheche* lilichapa uchambuzi wa Issa Shivji, aliyekuwa ametoka tu kuhitimu sheria. Serikali iliyokuwa ikihubiri ujamaa ililifunga jarida hilo mwaka 1970. Mwenye nyumba alikerwa zaidi na waliokuwa upande wake kupita kiasi kuliko na wapinzani.

Kiswahili kilipata mlango wake taratibu. Kamati ya lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ilihamishiwa chuoni mwaka 1964, ikawa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, na Wilfred Whiteley akawa mkurugenzi wa kwanza. Idara ya Kiswahili ilifunguliwa mwaka 1970 na kufundisha kwa Kiswahili. Vitivo vingine viliendelea kwa Kiingereza.

Mwaka huohuo, tarehe 1 Julai, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kikavunjika na Dar es Salaam ikasimama peke yake. Wilbert Chagula, Mtanzania aliyekuwa mkuu tangu 1965, alimwachia nafasi Pius Msekwa, aliyetoka kwenye ukatibu mtendaji wa TANU. Kitivo cha Tiba kilikuwa Muhimbili tangu 1968, cha Kilimo Morogoro tangu 1969, na Uhandisi ulikuja 1973.

Kisha lilikuja Azimio la Musoma, Novemba 1974: hakuna kuingia chuo moja kwa moja kutoka sekondari. Kwanza Jeshi la Kujenga Taifa, kisha kazi, kisha barua ya mwajiri na ya chama. Madarasa yakajaa watu wazima wenye watoto nyumbani, wanaojua ofisi inavyoendeshwa na kuuliza maswali yaliyowatoa jasho wahadhiri. Lakini wasichana wakaanza kuadimika, maana miaka ya kusubiri ilikuwa ndiyo miaka ya kuolewa, na mwaka 1976 wao wakaruhusiwa tena kuingia wakitokea shuleni.