Kiasi cha Masafa: Zana za Ulengaji, Sheria ya Uwindaji na Msamiati wa Kiswahili baina ya Gitega na Muyinga

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya namna mwindaji alivyokadiria umbali kati yake na mnyama katika eneo la Burundi ya kati na kaskazini-mashariki, kuanzia enzi ya upinde hadi darubini ya bunduki inayopima umbali kwa leza. Hoja kuu ni kwamba kila mageuzi ya silaha yaliuhamisha upimaji kutoka kwa mwindaji na kuutia katika chombo, na kwamba sheria ilifaulu pale tu ilipoweza kukitaja chombo hicho kwa jina mahususi. Darubini yenye kipimaumbali haijapata jina thabiti katika Kiswahili wala kutajwa kwa jina lake katika mikataba mikuu ya uhifadhi barani. Makala yanapendekeza istilahi na kueleza sababu zake za kihistoria.

1.0 Utangulizi

Gitega na Muyinga zinawakilisha pande mbili za historia moja. Gitega ndipo Wajerumani walipohamishia makao ya utawala wao wa Urundi mwaka 1912 kutoka Usumbura, na mji huo umehusishwa na kumbukumbu ya ufalme na dola. Mwaka 2019 ulirejeshewa hadhi ya makao makuu ya kisiasa. Muyinga, kwa upande wake, ni ardhi ya mpaka. Huko ndiko kilipo kituo cha Kobero, kinachotazamana na Kabanga upande wa Tanzania, na huko pia inafika sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Ruvubu, ambayo ilipoanzishwa ilienea katika mikoa ya Karuzi, Muyinga, Cankuzo na Ruyigi kwa ukubwa wa takriban hekta 50,800. Kwa hiyo, kinachoandikwa Gitega hupata maana yake halisi Muyinga, mbele ya ofisa wa forodha na askari wa hifadhi.

Swali linaloongoza makala haya ni la kihistoria na la kiisimu kwa wakati mmoja: je, sheria inaweza kudhibiti chombo ambacho lugha ya watekelezaji wake haijakipa jina?

2.0 Upinde, gobori na kipimo cha jicho

Katika Burundi ya wafalme, uwindaji ulitegemea mkuki, upinde, mbwa na mitego. Kirundi kina istilahi kamili za fani hiyo: umuheto ni upinde, umwambi ni mshale, icumu ni mkuki. Silaha hizi zilimlazimu mwindaji kumkaribia mnyama kwa makumi machache ya mita. Umbali ulipimwa kwa jicho, kwa upepo usoni na kwa ujuzi wa nyayo. Kukosea kipimo kulimaanisha kurudi nyumbani mikono mitupu au kukabiliana na mnyama aliyejeruhiwa.

Bunduki iliukaribia mpaka wa Burundi kwa njia ya misafara ya pembe iliyokuwa na kituo chake kikuu Ujiji. Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana kwa jina la Rumaliza, alijaribu kupenya nchi hiyo kutoka ziwani, lakini majeshi ya Mwami Mwezi Gisabo yalimzuia. Oscar Baumann alipoivuka Urundi mwaka 1892, aliikuta nchi ambayo silaha zake kuu zilikuwa bado mkuki na upinde. Bunduki za kijeshi za Wajerumani ndizo zilizogeuza mizani, na Mkataba wa Kiganda wa mwaka 1903 ukamfanya Mwezi Gisabo akubali himaya ya Ujerumani.

Misafara hiyo haikuleta silaha peke yake. Ilileta pia maneno. Bunduki, baruti na risasi ni maneno yenye asili ya Kiarabu au yaliyopitia Kiarabu, na darubini imetoka Kiajemi, ambako maana yake ni chombo cha kuonea mbali. Lakini Kiswahili hakikukopa tu, bali kiliziainisha bunduki kwa mantiki yake chenyewe. Kamusi za zamani zinatofautisha bunduki ya gumegume, inayowashwa kwa jiwe. Bunduki ya fataki, inayowashwa kwa kifuniko kidogo cha baruti kali. Na bunduki ya viasi, inayotumia risasi zilizofungwa tayari pamoja na baruti yake.

Neno la mwisho linastahili kuzingatiwa. Kiasi ni kipimo. Mwenye gobori alimimina baruti kwa makadirio yake mwenyewe: akizidisha, mtutu ungeweza kupasuka, akipunguza, risasi ingeanguka njiani. Bunduki ya viasi ilipofika, kipimo hicho kilikuwa kimekwisha kufanywa kiwandani. Wasemaji wa Kiswahili waliliona badiliko hilo kwa usahihi, wakaiita bunduki kwa jina la kile ambacho mwindaji hakulazimika tena kukifanya kwa mkono wake. Hapo upimaji ulianza kumtoka mwindaji na kuingia katika chombo.

3.0 Sheria na jina la chombo

Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890, unaokumbukwa zaidi kwa vita dhidi ya biashara ya watumwa, ulikuwa pia sheria ya masafa. Ulipiga marufuku uingizaji wa bunduki za kisasa, hasa zenye mtutu wa mifuo, katika ukanda ulio kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini. Ukaruhusu, kwa masharti, bunduki za gumegume zenye mtutu laini na baruti ya kawaida. Tofauti baina ya makundi hayo mawili ilikuwa umbali. Mtutu laini ni vigumu kulenga kwa uhakika kupita mita 100, ilhali mtutu wa mifuo huizungusha risasi na kuiwezesha kufika mbali bila kupotoka. Mataifa yaliyotia saini yalijigawia shabaha ya mbali na kuwaachia wengine ya karibu.

Mikataba iliyofuata iligeuza macho kutoka kwa watu na kuyaelekeza kwa wanyama. Mkataba wa London wa mwaka 1900 ulijaribu kuweka kanuni za pamoja za uwindaji barani Afrika. Ule wa London wa mwaka 1933, ambao Ubelgiji, iliyokuwa ikiitawala Ruanda-Urundi kwa dhamana ya Shirikisho la Mataifa, ilikuwa miongoni mwa watiaji saini wake, uliorodhesha njia zisizofaa: kuwinda kwa magari na ndege, taa za kupumbaza, sumu, vilipuzi, nyavu, mashimo na mitego. Kanuni iliyo nyuma ya orodha hiyo ni rahisi kuitambua. Kilichokatazwa ni njia inayomwondolea mnyama nafasi yote ya kumwona, kumsikia au kumkimbia mwindaji.

Orodha hiyo haikuwaangukia wote kwa uzito sawa. Mitego na nyavu zilikuwa zana za mwanakijiji. Bunduki yenye leseni ilikuwa ya ofisa na mgeni. Burundi ilipopata uhuru mwaka 1962 ilirithi mfumo huo, na amri-sheria nambari 1/6 ya tarehe 3 Machi 1980 ikaweka msingi wa hifadhi za taifa na hifadhi za asili. Kuanzishwa kwa Ruvubu kuliwahamisha wakazi na kuwafanya wawindaji wa jana kuwa majangili wa leo, bila zana zao kubadilika.

Mkataba wa Afrika wa Uhifadhi, uliotiwa saini Algiers mwaka 1968 na kufanyiwa marekebisho Maputo mwaka 2003, ndio ulioifikisha orodha hiyo katika enzi ya elektroniki. Kiambatisho chake kuhusu njia zilizokatazwa kinataja vinasa sauti, vyanzo vya mwanga, vifaa vya kumulika shabaha, na vifaa vya kulengea usiku vinavyokuza au kugeuza taswira kwa elektroniki. Kipimaumbali cha leza hakimo kwa jina. Waandishi wa mkataba walilitazama giza kama kinga ya mnyama. Hawakuutazama umbali kwa jicho hilohilo.

4.0 Darubini inayopima

Chombo chenyewe hufanya kazi kwa namna isiyo ngumu kuieleza. Hutuma mwale wa leza usioonekana, ukamgonga mnyama au mti ulio karibu naye na kurudi. Nuru husafiri takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, hivyo mwale hwenda mita 300 na kurudi katika sehemu mbili za milioni za sekunde. Kompyuta ndogo iliyomo hupima muda huo na kuandika umbali ndani ya kioo. Katika aina zilizoendelea zaidi, huonyesha pia nukta mpya ya kulengea.

Umuhimu wake unatokana na mvuto wa ardhi. Risasi yenye mwendo wa wastani wa mita 800 kwa sekunde huhitaji nusu sekunde kufika mita 400, na katika muda huo huanguka takriban mita 1.2 chini ya mstari ulionyooka wa mtutu. Mwindaji anayekosea umbali huo kwa mita 50 anaweza kuvunja mguu badala ya kufikia moyo. Watetezi wa chombo hiki husema, kwa haki, kwamba umbali unaojulikana hupunguza majeraha.

Hata hivyo, leza haipimi upepo wote uliopo njiani, wala haimzuii mnyama kupiga hatua moja katika ile nusu sekunde. Zaidi ya hayo, uhakika wa chombo humshawishi mpigaji kujaribu masafa ambayo asingeyajaribu kwa jicho lake. Huko Marekani, ambako mjadala huu umekomaa zaidi, klabu ya Boone and Crockett, iliyoasisiwa mwaka 1887, imejenga fikra ya uwindaji wa haki juu ya kumwachia mnyama nafasi ya kuponyoka, na kanuni za jimbo la Idaho zimewahi kukataza vifaa vya elektroniki vilivyofungwa kwenye bunduki katika uwindaji wa wanyama wakubwa.

Jamii za Waislamu wa Afrika Mashariki, wakiwemo wa Muyinga, zina msamiati wake wa suala hilohilo. Mnyama aliyekufa bila kuchinjwa au kuwindwa kwa sharti lake ni nyamafu, na mwindaji anayemkuta yu hai hutakiwa kumchinja. Kadiri shabaha inavyokuwa mbali, ndivyo mwindaji anavyochelewa kufika, na ndivyo shaka inavyoongezeka. Hivyo basi, umbali haukuwa kamwe suala la ufundi peke yake. Ulikuwa sehemu ya uhalali wa kitoweo.

5.0 Kobero na tatizo la jina

Katika matumizi ya kila siku, chombo chochote cha kuonea mbali huitwa darubini: ya mtalii anayetazama ndege, ya mwanafunzi wa nyota, na ya bunduki. Mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, ambao ndio msingi wa ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, huzitenganisha. Darubini za macho mawili zimo katika kifungu 9005. Darubini za kufungwa kwenye silaha zimo katika 9013. Vipimaumbali vimo katika 9015, pamoja na vyombo vya wapima ardhi. Sura ya 93, ambayo ndiyo ya silaha, huiacha nje darubini ya kulengea isipokuwa imefungwa kwenye bunduki au imewasilishwa pamoja nayo.

Matokeo yake ni kwamba chombo kimoja kinagusa vifungu viwili, na kikisafirishwa peke yake hakihesabiwi kuwa silaha. Burundi ina sheria ya mwaka 2009 kuhusu silaha ndogo ndogo, na Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 inazifunga nchi za eneo hili kushirikiana katika udhibiti huo. Lakini tamko la forodha lenye neno "darubini" tu haliwezi kumwambia ofisa ni sheria ipi aifungue.

Jibu la haraka lingekuwa kukataza vipimaumbali vyote katika maeneo ya hifadhi. Jibu hilo lingeudhuru uhifadhi wenyewe. Watafiti wanaokadiria idadi ya wanyama kwa kutembea mistari iliyopangwa huhitaji kujua umbali kutoka mstarini hadi kwa kila mnyama aliyeonekana, na kipimaumbali cha mkononi ndicho chombo chao. Kinachobadilisha maana ya chombo ni kukiunga na bunduki, ambapo kupima na kufyatua huwa tendo moja.

Kwa hiyo istilahi mbili zinahitajika. Ya kwanza ni kipimaumbali, kwa chombo cha mkononi. Neno kipimamasafa lingevutia, kwa kuwa masafa yamezoeleka katika lugha ya silaha. Lakini neno hilo sasa hutumika pia kwa mawimbi ya redio, na tamko la forodha halifai kubeba utata huo. Ya pili ni darubini-lengo yenye kipimaumbali, kwa chombo kinachofungwa kwenye bunduki. Ni ndefu kuliko neno la sokoni, lakini inataja kazi zote mbili ambazo sheria inapaswa kuziona.

6.0 Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa inaonyesha mwelekeo mmoja. Kiasi cha baruti kilitoka mkononi mwa mwindaji kikaingia katika risasi. Sasa kipimo cha umbali kimetoka katika jicho lake kikaingia katika kioo. Katika hatua ya kwanza, Kiswahili kilitoa jina lililoeleza badiliko lenyewe, na tofauti za bunduki zikaweza kujadiliwa sokoni, msafarani na barazani. Katika hatua hii ya pili, jina bado linasubiriwa, huku mkulima anayetega waya kando ya Ruvubu akitajwa waziwazi na kila sheria tangu mwaka 1933.

Yapo mambo matatu yanayoweza kufanywa na vyombo vya kanda bila kusubiri mkataba mpya: kusanifisha istilahi hizo mbili katika Kiswahili sambamba na Kirundi na Kifaransa, kuziingiza katika miongozo ya forodha ya Kobero na Kabanga, na kuzitaja katika masharti ya leseni za silaha za uwindaji pande zote za mpaka. Hadi hapo, tofauti kati ya chombo cha mtafiti na chombo cha mpigaji wa mbali itaendelea kutegemea busara ya ofisa mmoja aliye zamu.