Kitabu kwa Kitabu: Wasomi wa Pwani ya Kusini

Jego iko njiani kutoka Lunga Lunga kwenda Vanga, hatua chache kutoka mpaka wa Tanzania, katika nchi ya Wavumba na Wadigo. Huko, kama kwingineko pwani, aliyetaka elimu hakuandikishwa popote. Alimwendea shekhe na kitabu chake. Wengi waliishia kukhitimu Kurani chuoni, wakashika jembe au nyavu. Waliobaki na kiu walijichagulia wenyewe: kitabu gani, kwa nani, na kwa muda gani.

Lakini vitabu vilikuwa na daraja zake. Fikihi ilianza na Safina, kijitabu cha Salim bin Sumeri, Mhadhrami aliyefia Batavia, ikapanda hadi Minhaji ya Imamu Nawawi, aliyefariki 1277. Nahau ilifunguliwa kwa Ajurumia ya Ibn Ajurrum wa Fez. Mwenye pumzi aliingia Alfiya ya Ibn Malik, mzaliwa wa Andalusia, aliyezifunga kanuni za Kiarabu katika beti zipatazo elfu. Ulaya ya zama za kati nayo ilitanguliza sarufi, mantiki na balagha kabla ya teolojia. Mashekhe wetu waliziita elimu za ala. Ila Ulaya ilizijengea vyuo vikuu na shahada, na huku kilichohesabika ni ijaza, ruhusa ya mwalimu kwa mwanafunzi wake. Ndiyo maana Sheikh Abdallah Saleh Farsy, alipochapisha mwaka 1972 kitabu chake juu ya wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki, alisimulia maisha yao kwa kutaja nani alisoma nini kwa nani.

Vumba Kuu, mji wa Wavumba ambao historia yake A. C. Hollis aliiandika mwaka 1900, ilitawaliwa na madiwani wa ukoo wa masharifu, na kwa mikono ya watu wa pwani kama hao elimu hii iliwafikia Wadigo, hasa katika karne ya 19. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waligawana nchi kwa mstari ulioanzia mlango wa mto Umba. Ramani ilikatika, jamaa na darsa zikabaki pande zote mbili.

Kasoro ya mfumo huu wa kumwendea shekhe, kwa maoni yangu, haikuwa kukosa vyuo vikuu wala shahada. Matini yalikuwa Kiarabu, sherehe ya shekhe, yaani ufafanuzi wake, ilikuwa Kiswahili, na sherehe hiyo ilibaki mkekani. Asiyekuwepo aliikosa, na darsa za juu zilikuwa za wanaume zaidi (ingawa palikuwa na wanawake wenye elimu, kama mshairi Mwana Kupona, aliyetunga utendi wake mwaka 1858).

Aliyeitoa elimu hiyo mkekani ni Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui wa Mombasa, aliyezaliwa 1891. Alikuwa mtoto wa miaka minne wakati jamaa zake wa Gasi, chini ya Mbaruk bin Rashid, walipoanza vita na Waingereza. Baba yake, naye mwanachuoni, alikwisha kufa. Alisomeshwa na Sheikh Suleiman bin Ali, akavuka hadi Unguja kwa Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir. Juu ya hayo alijisomea mwenyewe maandishi ya mwanamageuzi Muhammad Abduh na jarida la al-Manar kutoka Cairo. Vitabu vya kale havikumfunga macho, vilimpa ujuzi wa kuyapima mapya. Mwaka 1930 alianzisha gazeti la Sahifa, na 1932 al-Islah, akiandika dini, adabu na siasa kwa Kiswahili ambacho hata asiyejua Ajurumia angekielewa. Mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, hadi kufa kwake mwaka 1947.

Farsy, aliyekuja kukaa katika kiti hichohicho tangu 1968, alitoa mwaka 1969 tafsiri kamili ya Kurani yenye maelezo. Msomaji wa Jego sasa aliweza kuifungua aya na maana yake kwa lugha yake mwenyewe, bila kupanda chombo kwenda Unguja, na bila mtu mbele yake wa kumwambia: hapo umekosea, rudia.